Ushahidi wa Ndege Adimu wa Baharini na Majina Yao

Mtu wa Korogwe akisema kwamba amemwona ndege wa bahari kuu ameanguka kando ya Mto Pangani, wasikiao watagawanyika. Wengine watamwamini kwa kuwa wanamjua kuwa ni mkweli. Wengine watacheka na kusema kwamba bila shaka alikuwa yangeyange tu. Mtaalamu wa ndege hatamwamini wala hatamcheka. Atamwuliza, "Yuko wapi ndege mwenyewe?" Swali hilo laweza kudhaniwa kuwa ni dharau, nalo sivyo. Ni kanuni ya kazi, na kanuni hiyo ina historia ndefu yenye mafanikio na aibu zake.

Nia ya makala haya ni kueleza namna ndege adimu wa baharini wanavyothibitishwa kwa vielelezo vilivyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na udhaifu uliomo katika ushahidi huo. Elimu yangu ya ndege ni ya jirani tu. Kazi yangu ni lugha. Lakini kila nilivyozidi kusoma habari za vielelezo ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sisi tutungao kamusi tumekuwa tukiyapokea majina ya ndege bila ya kuuliza swali lile ambalo wenzetu huliuliza kabla ya jambo lolote jingine.

Korogwe yafaa kuwa mfano kwa sababu ipo karibu na bahari kwa ramani, lakini ipo mbali nayo kwa maisha. Kwa mstari ulionyooka haiko mbali na Tanga wala na mji wa Pangani. Mto upitao hapo ndio uingiao baharini Pangani, na reli kutoka bandari ya Tanga ilifika Korogwe mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo mkaaji wa Korogwe, au wa Handeni aliye mbali zaidi, aweza kuishi umri wake wote asimwone hata mmoja wa ndege ambao makao yao ni bahari yenyewe, si ufuko wala mikoko.

Tofauti hiyo ni ya maana. Ndege wengi tuwaitao wa baharini ni wa pwani: hula matopeni maji yakitoka, na hulala nchi kavu. Wa bahari kuu ni wengine. Chukua yule ambaye wataalamu humwita Onychoprion fuscatus, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mwenye mkia wa panda. Yeye huzaa visiwani, na katika Tanzania huzaa Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kilicho tambarare kusini mashariki ya Unguja. Kinda akishaondoka kisiwani hukaa angani juu ya bahari kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nchi kavu kuzaa. Tena hawezi kupumzika majini muda mrefu, kwa maana manyoya yake huloa upesi. Huyo, akikumbwa na tufani akachoka, husukumwa mpaka barani, na hapo ndipo huokotwa na mtu asiyemjua.

Tufani za nguvu hiyo si za kawaida kwetu, kwa kuwa tupo karibu na ikweta ambako vimbunga havipati mzunguko wa kutosha. Lakini zimekuja. Aprili 1872 tufani iliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Msomaji aitazame miezi hiyo: yote imo katika masika, kaskazi imekwisha na kusi inaingia. Kwa hiyo ndege wa bahari kuu aliyeokotwa Korogwe mwezi wa Aprili ana habari moja, na aliyeokotwa mwezi wa Septemba ana habari nyingine. Tarehe katika mambo haya si pambo.

Basi tuchukulie kwamba ndege wetu ameokotwa. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia wa panda, paji jeupe. Je, ni yule tuliyemtaja? Yupo ndugu yake, Onychoprion anaethetus, anayefanana naye sana. Yeye mgongo wake ni wa kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, na weupe wa paji lake hupita nyuma ya jicho kama nyusi, hali katika yule wa kwanza weupe huishia penye jicho. Na ndege mchanga wa spishi ya kwanza hana tumbo jeupe kabisa. Karibu mwili wote ni mweusi wenye madoadoa mepesi. Mashahidi watatu waliomwona kwa dakika moja jioni, upepo ukivuma, wataapa mambo matatu, na kati yao asiwepo mwongo hata mmoja. Huo ndio msingi wa swali la mtaalamu: hauliziwi uaminifu wa mtu, huulizwa kitu ambacho mtu wa pili, wa tatu na wa mia anaweza kukitazama tena, baada ya shahidi wa kwanza kufa.

Kitu hicho ndicho kielelezo. Watu waliozoea kuona ndege waliokaushwa na kusimamishwa ndani ya vioo, macho ya gilasi yakiwatazama, huwa na picha isiyo sahihi. Kielelezo cha uchunguzi hakisimami. Hulala chali ndani ya droo pamoja na wenzake wa spishi moja, mabawa yamekunjwa, na mahali pa macho pana pamba. Mchunaji hupasua ngozi tumboni, huutoa mwili, huacha mdomo, fuvu, mifupa ya mabawa na miguu, kisha huipaka ngozi dawa ya kuzuia wadudu (zamani aghalabu ilikuwa sabuni yenye aseniki, ndiyo maana vielelezo vya kale havishikwi ovyo), huijaza pamba na kuishona. Kabla ya kuutupa mwili huutazama ndani, ajue kama ndege alikuwa dume au jike. Rangi ya macho, ya miguu na ya ngozi isiyo na manyoya hupotea kwa muda wa siku chache, kwa hiyo huandikwa papo hapo.

Huandikwa wapi? Katika kikaratasi kinachofungwa mguuni kwa uzi. Mgeni hukitazama ndege na kukisahau kikaratasi. Mwenye ujuzi huanza na kikaratasi. Hicho hutaja mahali, siku, mwezi, mwaka, jinsia, rangi zilizokuwa karibu kupotea, na jina la mkusanyaji. Ndege mzuri kupita wote asiye na kikaratasi hana thamani kwa elimu kuliko mto wa manyoya. Na ndege aliyeharibika, mwenye mkia uliokatika, akiwa na kikaratasi kamili, ni shahidi wa kudumu.

Hapa mwanaisimu ana la kusema, kwa kuwa kikaratasi ni maandishi, na maandishi yana kasoro za lugha. Vielelezo vingi vya zamani vya Tanga na Usambara viliandikwa na Wajerumani, kabla ya tahajia yetu kusanifiwa. Mahali pameandikwa kama sikio la mgeni lilivyosikia. Uzigua imepata maumbo kadhaa. Zanzibar ilikuwa Sansibar. Haya ni mepesi kutambuliwa. Yapo magumu zaidi. Milima ya Usambara ya Mashariki ilijulikana kwa jina la Handei, na jina hilo limo katika ramani na maandishi ya Kijerumani. Handeni ni nchi nyingine kabisa, upande wa kusini, yenye joto na vichaka vikavu. Baina ya maneno haya mawili ipo herufi moja tu, na herufi hiyo yatenganisha msitu wa mawingu na nyika. Mtu wa Ulaya anayesoma wino uliofifia, asiyepata kusikia jina lolote kati ya hayo mawili, aweza kumhamisha ndege kutoka mlimani hadi nyikani kwa kalamu yake, na orodha za ndege wa Handeni zikapata mkazi asiyepata kufika huko.

Kadhalika Ruvu. Mto Pangani huitwa Ruvu katika sehemu yake ya juu. Na Ruvu ni mto mwingine unaotoka Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Wasafiri wa reli watakumbuka kwamba njia iliyofunguliwa mwaka 1963 kuiunganisha reli ya Tanga na ile ya Kati iliunganisha Mnyusi, iliyo Wilaya ya Korogwe, na stesheni ya Ruvu, ambayo ni ya mto ule wa pili. Kikaratasi kinachosema "Ruvu" na kunyamaza kimesema nusu ya neno. Hata Fungu Kizimkazi kina majina mawili: katika ramani za mabaharia huitwa Latham, na mtu aweza kuhesabu visiwa viwili palipo na kimoja.

Makosa ya masikio na macho husameheka. Lakini ushahidi wa vielelezo umepata pia kuharibiwa kwa makusudi, na aliye maarufu kwa uovu huo ana uhusiano na pwani yetu. Richard Meinertzhagen alikuwa ofisa wa upelelezi katika jeshi la Waingereza lililoshindwa Tanga Novemba 1914. Alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa ndege. Mwaka 1954 mkusanyo wake, wa ngozi zipatazo 20,000, uliingia katika makumbusho ya taifa ya Uingereza. Miongo kadhaa baadaye, katika miaka ya 1990, Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walionyesha kwamba nyingi kati ya ngozi hizo alikuwa ameziiba katika majumba ya makumbusho, akazivua vikaratasi vyake vya asili, na kuzifunga vingine vyenye mahali na tarehe za uongo.

Walijuaje? Kila mchunaji ana mkono wake, kama kila mwandishi alivyo na hati yake. Mmoja hushona kwa mishono mirefu, mwingine mifupi. Mmoja hukunja miguu hivi, mwingine vile. Pamba ya huyu si pamba ya yule. Wakazipiga ngozi picha za eksirei, wakachunguza nyuzi za ndani, wakakuta kwamba ndege aliyedaiwa kukusanywa na Meinertzhagen mwenyewe alikuwa na mkono wa mchunaji mwingine aliyekwisha kufa. Kwa mtu aliyepata kulinganisha miswada ya tenzi ili ajue ni nani aliyenakili kwa nani, kazi hii si ngeni hata kidogo. Nayo yatufundisha jambo ambalo watu huligeuza kichwa chini: kielelezo si ushahidi kwa sababu hakiwezi kudanganya. Ni ushahidi kwa sababu uongo wake waweza kugunduliwa. Uongo wa mdomo hupotea na aliyeusema.

Vivyo hivyo kwa makosa ya kweli ya wataalamu. Mwaka 1995 ilitangazwa spishi mpya ya ndege wa bahari kuu wa magharibi ya Bahari ya Hindi, ikaitwa Puffinus atrodorsalis, kutokana na ndege aliyepatikana Durban, Afrika ya Kusini, na wengine walioonekana baharini. Tangazo lile lilipokewa kwa furaha, maana spishi mpya ya ndege wa baharini si jambo la kila mwaka. Haikupita miaka mingi wachunguzi wengine wakalinganisha maumbile na vinasaba, wakaamua kwamba yule si spishi mpya, bali ni ndege mchanga wa aina iliyokwisha kujulikana, izaayo katika visiwa vya Mascarene. Aibu? Sioni aibu. Waliotangaza waliweka ndege mezani, na kwa kuwa waliweka ndege mezani ndiyo maana waliweza kusahihishwa.

Mfano wa upande wa pili upo karibu zaidi na njia za majahazi yetu. Katika bahari iliyo baina ya Omani, Sokotra na pembe ya Afrika huruka ndege mweusi mwenye mabawa marefu, ambaye mianzi ya pua yake ni kama mrija juu ya mdomo. Kwa muda mrefu ndege wa namna hii alichanganywa na yule wa Atlantiki aliye mdogo kuliko yeye. Mwaka 1955 Christian Jouanin, wa makumbusho ya Paris, alionyesha kwamba huyu wa kwetu ni spishi ya peke yake, mkubwa zaidi na mwenye mdomo mnene zaidi, akamwita Bulweria fallax. Neno hilo la pili ni la Kilatini, na maana yake ni mdanganyifu. Elimu ilikuwa na ngozi, ikawa na jina, lakini haikuwa na kiota; ulipita muda wa karibu nusu karne kabla ya kuthibitishwa kwamba huzaa Sokotra, ndani ya mapango ya majabali. Manahodha waliopita kisiwa hicho kila mwaka kwa kaskazi na kusi walipita chini ya majabali hayo. Sijui kama walikuwa na jina lake, na swali hilo nitalirudia.

Huko New Zealand ulikuwapo mfano wa ajabu kuliko huo. Ndege mmoja mdogo wa tufani alijulikana kwa ngozi tatu tu, zilizokusanywa katika karne ya 19 na kugawanyika baina ya Ufaransa na Uingereza, na ilidhaniwa kwamba ametoweka duniani. Mwaka 2003 watu waliona ndege baharini wakampiga picha. Picha ile isingemtambulisha mtu yeyote kama zile ngozi tatu zisingalikuwapo za kulinganisha. Mwaka 2013 kisiwa anachozaa kikajulikana.

Nimesema habari ya picha, na wapo watakaoniuliza kama bado pana haja ya kuua ndege adimu ili kuthibitisha kwamba ni adimu. Naona hapana, isipokuwa mara chache sana. Kamera ya leo yaweza kuonyesha nyusi nyeupe nyuma ya jicho kwa ubora usiowezekana zamani. Lakini picha haipimwi urefu wa mfupa, haitoi vinasaba, wala haikuruhusu kuchunguza zebaki iliyomo katika unyoya, jambo ambalo limefanywa kwa ndege wa baharini wa zamani na kuonyesha jinsi bahari ilivyochafuka. Kwa hiyo ndege aliyekufa mwenyewe, aliyetupwa ufukoni au kuangushwa na tufani hadi Korogwe, ana thamani kubwa, na asitupwe. Asishikwe kwa mikono mitupu, kwa maana mafua ya ndege yameua ndege wengi wa baharini ulimwenguni katika miaka ya karibuni. Na wenye mamlaka ya wanyamapori wajulishwe, kwa kuwa kuhifadhi kielelezo kwataka kibali.

Sasa niingie katika shamba langu.

Yupo mtu mmoja ambaye kwake ngozi na neno vilikutana, na alifanya kazi si mbali na Korogwe. Reginald Moreau alikuwa Amani, katika kituo cha uchunguzi kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, tangu 1928 hadi 1946. Aliajiriwa hapo hapo mwanzo si kwa ajili ya ndege, lakini ndege ndio waliompa sifa. Kipo kindege cha msitu wa Amani ambacho W. L. Sclater alikipa jina lake mwaka 1931. Wanaisimu humsahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichapisha katika Tanganyika Notes and Records majina ya ndege yatumikayo katika pwani ya kaskazini mashariki ya Tanganyika, na mwaka 1942 jarida la chuo cha London kinachosomesha lugha za Mashariki na za Afrika lilichapa makala yake juu ya namna ndege wanavyopewa majina katika eneo moja la Afrika ya Mashariki. Aliandika pia juu ya utani. Huyu hakuwa mwanaisimu, lakini alikuwa na kitu ambacho watunga kamusi wengi hawakuwa nacho: mtu alipomtajia jina, yeye alikuwa na ndege.

Tazama hali ilivyo katika kamusi. Ludwig Krapf, aliyefika Usambara mwaka 1848 na 1852, alikusanya hazina kubwa iliyochapwa 1882. Padri Charles Sacleux, ambaye alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, alijitahidi mara nyingi kutia jina la kisayansi, na kwa mimea kamusi yake ya 1939 bado haina mfano. Kamusi ya Johnson ya mwaka huohuo, na baadaye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zimetufaa sote. Lakini fungua kamusi zetu kwenye majina ya ndege, utakuta mara nyingi maelezo yaleyale: aina ya ndege. Akiwa wa pwani, aina ya ndege wa baharini. Hicho ni kikaratasi kisicho na ngozi, na hata kikaratasi chenyewe hakina mahali wala tarehe.

Maneno kama shakwe, membe na buabua yamo vinywani na vitabuni. Ni ndege gani hasa kila moja? Nimewauliza wasemaji wa sehemu mbalimbali za pwani, nikapata majibu yasiyolingana. Na sina haki ya kusema kwamba mmoja amekosea, kwa kuwa yawezekana kila mmoja yuko sahihi kwao. Tatizo si kwamba wasemaji wanatofautiana. Tatizo ni kwamba waliotutangulia walipoandika neno hawakuandika wamelisikia wapi, kwa nani, na akiwa ameonyeshwa nini. Kisha wakalifasiri kwa neno moja la Kiingereza linalowakumba ndege weupe wote wa pwani, na kamusi iliyofuata ikanakili tafsiri.

Siku hizi imezuka kasoro ya upande mwingine, nayo yaniudhi zaidi. Zipo orodha za Kiswahili ambazo kila spishi ya Kilatini imepewa jina lake, safu kwa safu, bila ya pengo. Kazi hiyo ni ya bidii, na kubuni istilahi si dhambi. Lakini msomaji hawezi kujua ni jina lipi lililosikiwa kwa mvuvi wa Pangani, na lipi lililoundwa mezani juzi. Yamewekwa pamoja kwa herufi za namna moja. Baada ya miaka hamsini mwanafunzi atayachukua yote kuwa ni ushahidi wa ujuzi wa watu wa pwani, na hapatakuwa na eksirei ya kuyapima. Jina lililobuniwa liandikwe kuwa limebuniwa.

Ujuzi wa wavuvi haugawanyiki kama Kilatini kigawanyikavyo. Mvuvi wa jodari huwatazama ndege kutoka mbali: kundi likizunguka na kupiga mbizi mahali pamoja, chini pana samaki wakubwa wanaowasukuma wadogo juu. Kwake yeye ndege wa spishi mbili wanaoonyesha jodari wanaweza kuwa na jina moja, na ndege wa spishi moja, mchanga na mzima, wakawa na majina mawili, maana hawafanani. Huo si ujinga wa elimu ya ndege. Ni elimu ya samaki iliyoandikwa angani, na neno lake lastahili kufasiriwa kwa kazi yake.

Na majina haya husafiri kwa namna ya pekee. Korogwe, sokoni, mtu wa mlimani asiyepata kuiona bahari atakutajia papa, changu na ng'onda bila ya kusita, kwa kuwa samaki hao walipanda na biashara hadi kwake. Ndege hawakupanda. Hakuna auzaye shakwe. Kwa hiyo majina ya ndege wa bahari kuu hayana soko la kuyahifadhi. Yamebaki kwa wale tu walio na chombo, na kwa wale wazee zaidi, waliovua kwa kutazama mbingu kabla ya mashine na vyombo vya kuonyesha kina. Neno la samaki likisahauliwa Pangani, laweza kukutwa Korogwe au Mombo. Neno la ndege wa bahari kuu likisahauliwa Pangani, Tumbatu na Kizimkazi, hapana mahali pa pili pa kulitafuta.

Lipo jambo la haki pia. Kikaratasi cha kielelezo kina jina la mkusanyaji, lakini aghalabu mkusanyaji aliyetajwa ni bwana mwenye msafara. Waafrika waliowinda, wakachuna, na wakasema ndege huyu huitwa hivi, hawakuandikwa. Waliopata kukumbukwa ni wachache. Mmoja ni Jali Makawa wa Nyasaland, msaidizi wa C. W. Benson, ambaye mwaka 1964 alimpata huko Zambia ndege mmoja asiyefanana na wenzake. Mwaka uliofuata akaitwa Pogoniulus makawai. Mpaka leo ni ngozi moja tu, na wataalamu wamehojiana kwa muda mrefu kama kweli ni spishi. Lakini jina la aliyemwona kwanza halitapotea. Msemaji aliyetupa neno astahili angalau hivyo.

Napendekeza basi kwamba kila jina la ndege litakaloingia katika kamusi zetu liwe na kikaratasi chake, hata kama hakitachapwa: neno, msemaji kwa ridhaa yake, mahali pake halisi (si "pwani" tu), siku, na ndege aliyeonyeshwa. Mwulizaji achukue picha za ukubwa wa ndege mwenyewe, za mzima na za mchanga, wa juu na wa chini, kwa maana mvuvi humwona ndege kutoka chini. Inapowezekana, wazee waende kwenye droo za makumbusho, au droo ziende kwao. Tena asiulize, "Huyu ni shakwe?" Heshima ya mwenyeji itamlazimisha mzee aitike ndiyo. Aulize, "Huyu mnamwitaje, mzee wangu?" kisha, "Na mwingine aitwaye hivyo ni yupi?" Swali la pili ndilo lifunualo mipaka ya neno. Jibu la "hatuna jina lake" liandikwe pia.

Na ndege wetu wa Korogwe, kama siku moja ataokotwa kweli, kikaratasi chake kiwe na mstari mmoja zaidi ya vile vya zamani: neno alilolitumia yule aliyemwokota, hata kama alisema "ndege" tu, lugha aliyolisema, na jina la kijiji, likiandikwa kwa ukamilifu ili asidhaniwe kuwa ni wa Handei.